Umesoma, umeelewa, wiki mbili baadae hukumbuki kitu: shida sio kichwa chako

Chukua wimbo mmoja unaoupenda, ule ambao ukipigwa kwenye daladala unaimba mwanzo mwisho hukosei hata neno. Sasa zima redio, imba ubeti wa pili peke yako, bila biti na bila msanii kukutangulia. Wengi tunafika mstari wa pili tunakwama, tunabaki tunaguna melodi tu. Na huo wimbo umeusikia labda mara mia mbili.

Hapo ndo ilipo shida nzima ya kusoma na kusahau. Kutambua kitu kikiwa mbele yako ni kazi moja, kukitoa kichwani wakati hakipo mbele yako ni kazi nyingine kabisa, na kuijua ya kwanza hakukupi ya pili. Mtihani unataka ya pili. Intavyuu inataka ya pili. Mteja amesimama dirishani anakuuliza, au mzungu anakuongelesha kazini na wewe Kiingereza unakisikia vizuri tu ila ukifungua mdomo maneno hayaji, zote hizo ni kazi ya pili. Sisi tukikaa kusoma tunafanya mazoezi ya ile ya kwanza, masaa na masaa, alafu tunashangaa.

Miaka kadhaa nyuma nilikua nasomea mitihani ya uhasibu huku nimeajiriwa. Natoka kazini saa kumi na moja, foleni ya Mbagala mnaijua, nafika nyumbani saa moja na nusu, nakula, saa tatu nakaa mezani mpaka saa sita. Madesa yangu yote niliyachora na hailaita, njano kwa maana za maneno, kijani kwa kanuni. Nikayasoma mara tatu. Mara ya tatu nilikua naona kila kitu nakijua, nikifungua ukurasa najua kabisa chini kulia kuna jedwali gani. Nikaingia kwenye chumba cha mtihani, swali la kwanza ni la uchakavu wa mali, kitu nilichokisoma juzi yake. Nikaukumbuka ule ukurasa. Nikaikumbuka ile kijani, hata doa la chai lililokua pembeni nikaliona. Maneno yenyewe hayakuwepo. Masomo manne, nikafeli mawili, na kilichoniuma zaidi sio kufeli, ni kwamba nilijiaminisha kwamba umri umeenda na kichwa changu hakishiki tena. Nilikua na miaka 31. Karibu mwaka mzima sikugusa kitabu kwa sababu ya hiyo imani, na imani yenyewe haikua kweli, ndo maana nimekaa kuandika haya.

Tuanze na kusahau kwenyewe, maana kumesemwa vitu vingi mitandaoni. Utakuta mtu kaposti kwamba baada ya siku moja binadamu anasahau asilimia 70 ya alichosoma, kama vile ni sheria. Chanzo chake ni Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yeye peke yake. Alitunga silabi kama 2,300 zisizo na maana yoyote, anazipanga kwenye orodha, anazisoma mpaka anaweza kuzitaja zote bila kuangalia, anaziacha, baada ya muda anarudi kuzijifunza upya. Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndo watu wanapopakosea. Hakua anapima amekumbuka silabi ngapi, alikua anapima *ameokoa kazi kiasi gani* akijifunza mara ya pili ukilinganisha na mara ya kwanza. Baada ya dakika 20 alikua anaokoa asilimia 58 ya ile kazi, baada ya siku moja asilimia 34, baada ya siku sita 25, na baada ya siku 31 bado alikua anaokoa 21.

Ukiziangalia hizo namba unaona vitu viwili. Kinachopotea kinapotea mapema sana, masaa ya mwanzo na siku za mwanzo, baada ya hapo mteremko unakua mdogo. Na cha pili, ambacho kwangu ndo kikubwa, kitu unachodhani umekisahau kabisa mara nyingi kimebaki kwa chini, huwezi kukitaja lakini ukirudi kukijifunza kinakuja haraka kuliko mara ya kwanza. Na zile zilikua silabi tupu zisizo na maana. Kitu chenye maana, kilichoshikana na mambo mengine unayoyajua, hakianguki kwa kasi ile.

Bibi yangu mzaa mama ni mfano wangu wa hili. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kua mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwenye hiyo miaka bibi alisoma kisomo, akajua kusoma na kuandika jina lake na barua fupi. Alafu ikaisha, pale kijijini hakukua na cha kusoma, akaacha, na sisi wajukuu tumekua tunajua bibi hajui kusoma. Juzi juzi hapa amepata simu na tukaanza kumtumia hela, na yeye hapendi kumpa mtu simu amsomee meseji ya hela yake. Basi akaanza kuulizia herufi moja moja. Ndani ya wiki chache anasoma "umepokea" na kiasi na jina la aliyetuma. Mwanamke ana zaidi ya miaka 70. Hakua anajifunza kusoma, alikua anakirudisha kilichokuwepo.

Kwaiyo kusahau sio ugonjwa. Ubongo unapunguza nafasi ya kile ambacho hakitumiki. Swali linakua moja: ubongo unajuaje kwamba kitu kinatumika? Na jibu ni kwamba haujui kwa wewe kukipitisha mbele ya macho. Unajua kwa wewe *kukiitisha*.

Kuna jaribio la mwaka 2006 la watafiti wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, chuo kikuu cha Washington kule St. Louis, Marekani, ambalo natamani lingebandikwa ukutani kwenye kila bweni. Waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja walisoma ile habari vipindi vinne mfululizo. Kundi lingine walisoma kipindi kimoja tu, vipindi vitatu vilivyobaki wakapewa karatasi tupu waandike wanachokumbuka, na hakuna aliyewasahihisha. Dakika tano baadae wakapimwa, waliosoma mara nne wakaongoza, asilimia 83 kwa 71. Mtu angeishia hapo angesema si unaona, kurudia rudia ndo mpango. Ila kuna wengine kwenye makundi yale yale walipimwa baada ya wiki moja. Waliosoma mara nne walikua na asilimia 40. Walioandika kwenye karatasi tupu walikua na 61.

Na walipoulizwa mapema, unadhani wiki ijayo utakumbuka kiasi gani, wale waliosoma mara nne ndo waliojiamini zaidi. Hiki ndo kitu kilinifungua macho. Kurudia kusoma kunakupa *hisia* ya kujua, kwa sababu maneno yanateleza, umeshayazoea, na ubongo unachukua ule utelezi unadhani ni ujuzi. Ukijaribu kukumbuka bila kuangalia unahisi vibaya, unakwama, unajiona mjinga, kumbe ule mkwamo ndo kazi yenyewe inafanyika. Mwanasaikolojia Robert Bjork wa UCLA, chuo kikuu cha California kule Los Angeles, ana jina lake kwa hali hii, anasema ni ugumu unaofaa. Sisi tunakimbia ugumu unaofaa tunaenda kukaa kwenye urahisi usiofaa, na hailaita yangu ya kijani ilikua ndo huo urahisi. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia tafiti za mbinu 10 za kusoma, wakakuta kuchora rangi na kurudia kusoma ziko chini kabisa kwa faida, na zilizopanda juu ni mbili tu: kujipima mwenyewe, na kutawanya vipindi.

Sasa watu wa pwani haya mambo wala sio mageni kwetu. Neno letu la kurudia masomo ni kudurusu, na anayejua kudurusu hasa ni mtoto wa chuo, yani madrasa. Binamu yangu yuko Tanga anahifadhi Qur'ani, nimekaa nae likizo nikamuangalia anavyofanya. Alfajiri anachukua kipande kipya, kifupi tu, nusu ukurasa. Anakisoma kwa sauti, anafunika, anakitoa kwa kichwa, anakosea, anafunua anaangalia palepale alipokosea, anafunika tena. Akimaliza anaenda kumsomea maalimu, na maalimu hamwambii neno mpaka akwame kweli kweli, anamsubiri. Alafu mchana anarudi kwenye vipande vya jana na juzi, na jioni anarudi juzuu za zamani kabisa kwa zamu. Hiyo wanaita muraja'a, na nilipomuuliza kwanini anahangaika na za zamani wakati ameshazihifadhi akanijibu kama vile nimemuuliza kwanini anakula kila siku. Mtume mwenyewe alishaifananisha Qur'ani na ngamia waliofungwa kamba, mwenye ngamia akiwaangalia wanakaa, akiwaacha wanatoroka.

Angalia vizuri alichonacho huyu kijana. Anakitoa kichwani bila kuangalia. Anakosea na kurekebishwa hapohapo. Anatawanya, kipya kidogo na cha zamani kwa zamu. Kila kitu kilichokuja kupimwa maabara yeye anakifanya akiwa amekaa kwenye mkeka. Mimi mwenye digrii sikua nafanya hata kimoja.

Tukirudi kwenye kutawanya, maana watu wanauliza sana nirudie baada ya muda gani. Hakuna namba moja. Nicholas Cepeda na wenzake walitoa utafiti mwaka 2008, watu zaidi ya elfu moja, wakaona kwamba pengo zuri linategemea unataka kukumbuka mpaka lini. Kama unapimwa wiki ijayo, pengo la siku moja au mbili linatosha. Kama unataka kitu kikae mwaka mzima, pengo linasogea mpaka wiki tatu hivi. Maana yake ni kwamba yule anayekesha usiku mmoja kabla ya mtihani hajakosea kabisa kwa hesabu za kesho asubuhi, atapata maksi zake, ila mwezi ujao hana kitu, na kama ile kozi ya pili imejengwa juu ya ya kwanza basi anaanza sifuri. Na anayekesha anajinyima usingizi, wakati usingizini ndo ubongo unavipitia tena vya mchana na kuvihamishia sehemu ya kudumu. Kwaiyo siku hizi saa nne na nusu nafunga daftari, hata kama bado nina hamu.

Mimi nilivyorudi kusoma nilifanya hivi. Nilinunua manila mbili, nikazikata kadi ndogo ndogo, nikachukua boksi la viatu nikaliwekea vizuizi vya karatasi ngumu nikapata vyumba vitatu. Wazo la boksi ni la mwandishi wa habari Mjerumani, Sebastian Leitner, alilitoa mwaka 1972, na apu nyingi za kadi za siku hizi zimejengwa kwenye wazo hilohilo. Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza, kila siku naipitia. Nikiipata inaenda cha pili, hicho nakifungua kila baada ya siku tatu. Nikiipata tena inaenda cha tatu, hicho ni Jumapili tu. Nikiikosa popote ilipo inarudi chumba cha kwanza, haijalishi ilishafika wapi. Mwezi wa kwanza chumba cha kwanza kilikua kimejaa mpaka hakifungi. Mwezi wa tatu kimebaki na kadi kumi na kitu, na zilikua zilezile zinazonisumbua siku zote, yani boksi lenyewe lilikua linanionyesha wapi sijui. Hailaita haikuwahi kuniambia hivyo.

Cha muhimu ni kilichoandikwa kwenye kadi. Mwanzoni niliandika "Uchakavu ni nini?" na nyuma nikanakili maana ya kitabuni, nikawa naikariri kama kasuku. Nikaibadilisha ikawa "Kwanini mashine ya milioni 10 hatuiandiki gharama yote mwaka ulioinunua?" na nyuma nikaandika kwa maneno yangu: kwa sababu itafanya kazi miaka mingi, kila mwaka unaoingiza hela kwa mashine hiyo lazima ubebe sehemu yake ya gharama, ukiubebesha mwaka mmoja huo mwaka utaonekana wa hasara na inayofuata itaonekana ya faida isiyo ya kweli. Kadi ya namna hiyo huwezi kuijibu kama hujaelewa.

Hapa niseme kuhusu ule ugomvi wa kukariri na kuelewa, kwa sababu bongo tumeufanya kama Simba na Yanga. Kila mtu anasema elimu yetu ni ya kukariri, na ni kweli tumeumizwa na kukariri bila kuelewa. Ila tumevuka upande wa pili tukaanza kudhani ukielewa inatosha. Haitoshi. Kichwa kina sehemu ndogo sana ya kufanyia kazi kwa wakati mmoja, wanasaikolojia wanaikadiria vitu vinne hivi. Mtoto anayefanya hesabu ya hatua tano huku tebo ya saba haijui, ile nafasi yake yote inaishia kuhesabu saba mara nane kwa vidole, hana pa kuwekea hesabu yenyewe. Anayeijua tebo amefungua nafasi ya kufikiri. Elewa kwanza, sawa, alafu kile ulichokielewa kihifadhi kwa kukiitisha mpaka kije bila kulazimishwa.

Na lingine, ukisikia mtu anasema "mimi ni mtu wa kusikia" au "mimi ni wa kuona", kwaiyo nisomeshwe kwa njia yangu, muonee huruma maana amedanganywa na wengi. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walitafuta ushahidi kwamba mtu akifundishwa kwa "mtindo" wake anaelewa zaidi, hawakuupata wa kutosha. Kupenda video ni sawa, mimi mwenyewe napenda. Ila kupenda sio kushika.

Na hii sio ya vitabu tu. Kuna kijana jirani yetu anajifunza ufundi simu, alikua anaangalia video za kubadilisha sistimu chaji mpaka saa nane usiku, anaweza kukuhadithia fundi kafanya nini hatua kwa hatua, lakini akiwekewa simu mezani mkono haujui uanzie wapi. Nikamwambia aangalie video moja mara moja, aifunge, achukue zile simu mbovu za dukani ajaribu mpaka akwame, ndo aifungue tena aangalie palepale alipokwama. Wiki ya kwanza alikuja kunilalamikia kwamba anaenda polepole kuliko zamani. Ni kweli anaenda polepole. Wiki ya tatu alifungua ya kwangu kioo kilipopasuka, bila kugusa video.

Jambo la mwisho linalonifanya nisiamini ile hisia ya "nimeshajua" ni la kuchanganya mada. Doug Rohrer na Kelli Taylor mwaka 2007 waliwapa wanafunzi hesabu za ujazo wa maumbo. Wengine walifanya aina moja mpaka iishe ndo aina inayofuata, wengine walichanganyiwa zote. Wakati wa mazoezi waliofanya aina moja moja walipata asilimia 89, waliochanganyiwa wakapata 60 tu. Wiki moja baadae kwenye mtihani wale wa 89 walipata 20, wale wa 60 walipata 63. Ukifanya maswali kumi ya aina moja, kuanzia la pili hufikirii tena utumie kanuni gani, umeshaambiwa. Mtihani haukuambii. Ndo maana pasti pepa za miaka tofauti zinasaidia kuliko mazoezi ya mwisho wa sura, na ndo maana kadi zangu za kodi, za ukaguzi na za gharama nilikua nazichanganya kama karata kabla sijaanza.

Yale masomo mawili niliyarudia na nikayafaulu, na muda niliosoma kwa siku ulikua mdogo kuliko ule wa kwanza. Dakika 40 mezani, na nyingine kwenye daladala nikiwa nimesimama, bila kadi, najiuliza tu jana nilisoma nini na nakataa kuangalia simu mpaka nimejitahidi kukumbuka angalau vitu vitatu. Hiyo ya daladala haina gharama yoyote na ndo ningeanza nayo kama ningekua wewe.

Tena anza na hii hii. Wale waliosoma ile habari mara nne, wiki moja baadae walibaki na asilimia ngapi, na walioandika kwenye karatasi tupu walikua na ngapi? Usipande juu kwanza. Kaa nalo, hata dakika nzima, alafu kesho jioni ukiwa kituoni jiulize tena.